Mgeni Aliyekataa Kutangulia

Hiki kisa kilinipata mimi mwenyewe. Si jirani yangu, si shemeji ya jirani yangu. Kuna watu Thika mjini wakikisikia wanacheka na kusema eti cucu, yaani bibi huyu, alikuwa amekunywa muratina siku hiyo. Mimi nimeokoka tangu wao wakivaa nepi, na mdomo huu haujui ladha ya pombe. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka, lakini nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu na wewe una kisogo kama mimi.

Kwanza ujue ninapoishi. Nikiwaambia watu wa Ruiru kwamba naishi kisiwani, wananiuliza kama nimehamia Mombasa. Hapana! Ukitoka Thika ukashuka upande wa mashariki, ukapita mananasi mpaka ukayachoka, unafika mahali mto unagawanyika mikono miwili, na katikati umeacha kipande cha ardhi. Hapo ndipo nilipoolewa. Tunalima nduma, yale magimbi, na ndizi, tuna mbuzi, tuna mizinga ya nyuki juu ya miti, na kila mtu anajua ni jogoo wa nani amewika. Pikipiki haijawahi kukanyaga kwetu. Moja ilijaribu kuvuka, na iko chini ya maji mpaka leo. Mwenyewe aliogelea akatoka, helmeti bado iko kichwani.

Kwetu unakuja polepole, upende usipende. Lami inaishia mbali. Hapo unapanda mkokoteni wa punda, na punda wangu, Mzito, anatembea kama mtu aliyeitwa na chifu. Barabara ya mkokoteni nayo ikiisha, unashuka kwa miguu kwenye kijia kinachopita katikati ya nduma, matope huku na huku, kijia cha mtu mmoja mmoja. Chini kabisa kuna chelezo chetu: mbao zilizofungwa juu ya mitungi mitupu ya plastiki. Unapanda, unaita, na watu wa ng'ambo wanakuvuta kwa kamba.

Sasa, kwenye hicho kijia kuna desturi. Mgeni hutangulia, mwenyeji hufuata nyuma. Ndiyo, mgeni asiyejua njia ndiye anakwenda mbele! Wewe unamwelekeza kwa mdomo tu: kata kushoto, inama, hapo kuna jiwe, wee, si hapo! Wageni wanaona ni ujinga. Mama mkwe wangu, Mungu ailaze roho yake mahali pema, aliniambia sababu siku niliyoletwa nikiwa bibi harusi.

"Irimu, lile zimwi la njiani, ana sura nzuri kuliko mchungaji wako," aliniambia. "Lakini uzuri wake wote uko mbele. Kwenye kisogo ana mdomo wa pili, na huo ndio unaokula watu. Hawezi kukugusa ukiwa unamwangalia. Anangoja umpe kisogo. Kwa hiyo mgeni apite mbele, umwone shingo, ndiyo uvuke naye."

Nilicheka. Mimi nilikuwa msichana wa Mwiki. Mwiki kuna maduka, kuna stima, kuna makelele, irimu angepitia wapi? Lakini desturi ukiifanya miaka mingi inaingia miguuni. Nikawa nawaambia wageni "tangulia" vile wewe unavyosema "karibu chai", bila kufikiria.

Mwanangu Kamau naye akaoa msichana wa Kahawa Sukari, anaitwa Ciku. Mtoto mzuri, lakini ana adabu mpaka inamdhuru. Ukimkanyaga, anakuomba msamaha yeye. Wamepanga nyumba kule Kimbo, na Kamau anafanya shifti kiwandani. Ciku alikuwa anakuja kisiwani siku za sherehe tu, na kila akiambiwa atangulie kwenye kijia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, nyinyi ni kama ile simu inayoongea njia!" aliniambia siku moja. Nikamwambia simu yake ikishikwa na matope itanyamaza, mimi sinyamazi.

Basi mwezi wa saba, ule wa baridi na ukungu, Ciku akajifungua msichana. Na kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Yaani mimi! Nilipomshika pale hospitalini niliona pua yangu, nikaona hata huu ukali wangu kwenye kipaji cha uso. Nililia mpaka wodi nzima ikanigeukia. Huyo si mjukuu tu, huyo ni wewe umeanza upya. Ukimpoteza, umepoteza nini? Umejipoteza mwenyewe.

Kamau hakupata ruhusa kazini. Nikasema mama na mtoto wanakuja kwangu, Ciku ale njahi mpaka mashavu yarudi. Njahi ni yale maharagwe meusi, na kwetu mwanamke aliyejifungua asipopewa njahi, huyo amekaribishwa na nani? Nilizipika mwenyewe kule Kimbo, nikatia ndizi, nikafunga sufuria kwa leso na kuiweka ndani ya kiondo.

Tulipofika mwisho wa barabara ya mkokoteni ilikuwa mchana, saa ya watu kula, lakini ukungu ulikuwa umelala chini kama blanketi iliyolowa. Huoni mti ulio karibu. Nikamfungua Mzito, nikamfunga kwenye mti apumzike, nikabeba kiondo begani. Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtu.

Kijana mrefu, koti jeusi la kofia, kofia imevutwa mbele, skafu shingoni. Na mzuri! Haiya, mzuri wa kutangaza dawa ya meno. Viatu vyake vilikuwa safi. Niamini, mwezi wa saba, pale kwetu, matope mpaka kwenye soksi za Jumapili, na yeye ana viatu vinavyong'aa. Wanasema eti wanyama huona mambo haya mapema. Mzito alimnusa mkono, akaendelea kula majani. Punda mjinga yule, sijamsamehe mpaka leo.

"Habari ya mchana, cucu," akasema. Sauti tamu ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Nzuri. Wewe ni wa nani?"

"Wa hapa hapa. Naenda ng'ambo."

"Ng'ambo kwa nani?"

"Kwa kina mtoto," akasema, na hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia kile kifurushi mikononi mwa Ciku.

Kisha akamgeukia Ciku. "Dada, umechoka sana. Nipe malaika nikubebee mpaka kwa maji."

Na kweli Ciku alikuwa amechoka. Alikuwa na mishono, midomo imekauka, anatembea kama anakanyaga mayai. Akasema, "Asante sana kaka, Mungu akubariki," na mikono yake ikaanza kunyooka na mjukuu wangu juu yake.

"Ngoja," nikasema. "Kijana, wewe tangulia kwanza."

Sikuwa nimeshuku chochote, nakuambia ukweli. Ni miguu tu iliyozoea. Lakini nilipolisema hilo neno, tabasamu lake lilisimama pale pale usoni, halikuongezeka, halikupungua.

"Wazee kwanza, cucu."

"Kwetu mgeni ndiye wa kwanza."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mtoto wako."

"Mtoto wangu namjua, yuko kiwandani. Tangulia."

"Nitakosa adabu nikimpa mzee mgongo."

"Nimekuruhusu. Kosa."

"Mama, tafadhali!" Ciku akaninong'oneza, aibu imemjaa. "Anatusaidia tu."

Umewahi kuona watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake apite? Ndivyo tulivyokuwa, kwenye ukungu, mimi na yule kijana, tunapigana kwa heshima. Nikasogea kushoto nimwone upande, naye akageuka nami. Nikasogea kulia, akageuka tena. Uso wake ulinifuata kama alizeti inavyofuata jua. Hapo damu yangu ikaanza kubadilika.

Njahi zilikuwa bado moto, na harufu ilikuwa inatoka kwenye kiondo. Nikasikia mtu anameza mate, glu. Lakini koo lake halikucheza. Sauti ilitoka nyuma, ndani ya ile kofia. Halafu ikaja sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu aliyefungiwa ndani ya pipa:

"Na mimi?"

Midomo yake ya mbele ilikuwa imefungwa, inatabasamu. Akakohoa haraka. "Mafua," akasema.

Ciku aliniangalia. Macho yalikuwa yamemtoka. Akarudisha mikono, akambana mtoto kifuani, na adabu yote ya Kahawa Sukari ikaisha hapo hapo.

Niliogopa. Sitakudanganya eti mimi ni shujaa. Niliogopa kwa sababu ya yule mdogo mwenye jina langu, hata kitovu hakijaanguka, na tayari kuna kitu kinamnusa kama chakula. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilikuwa halinijui hata kidogo! Lingetumaliza sote watatu na kupangusa midomo, yote miwili.

Lakini katikati ya hofu nikapata hasira. Kwa njia yetu? Kwa desturi yetu? Nani huyu wa kuja kunifundisha adabu kwenye kijia changu?

"Ciku," nikasema bila kugeuza kichwa. "Shuka na mtoto mpaka kwa chelezo. Usigeuke, usikimbie. Mimi nitakuja nyuma yako kinyumenyume, nikimwangalia huyu. Niongoze kwa mdomo."

Na tukashuka. Ciku mbele na mtoto, mimi kinyumenyume katikati, macho yangu kwenye macho ya yule kiumbe, naye anatufuata hatua kwa hatua, anatabasamu, kila kiatu kinang'aa. Mimi nazijua zile nduma kama sebule yangu, lakini jaribu kuvuka sebule yako kinyumenyume kwenye matope uone.

"Mama, kulia kidogo," Ciku akasema, sauti inatetemeka. "Hapo kuna jiwe. Inua mguu. Si huo, ule mwingine."

"Sema kwa nguvu!"

"Kuna mzizi, Mama! Pita juu! Sasa kata kushoto!" Na kila alivyosema, sauti yake ilikuwa inapata mfupa.

Yule naye hakunyamaza. "Cucu, utaanguka. Geuka tu uangalie njia." Nikapiga hatua nyingine ya kinyume. "Cucu, kiatu chako kimefunguka." Nami nilikuwa nimevaa gambuti, hazina hata kamba. Ukungu ulikuwa unaniingia machoni, yananiwasha, machozi yanatiririka, na sikuthubutu hata kuyapangusa.

Halafu akapiga kelele: "Cucu! Mtoto ameanguka kwa maji!"

Woi! Wewe ungefanya nini? Shingo yangu ilianza kugeuka yenyewe. Macho yangu yakaanza kuuacha uso wake, nikaona mkono wake mrefu unainuka.

"Uongo, Mama!" Ciku akapiga ukelele nyuma yangu. "Ninaye! Ananyonya kidole! Usigeuke!"

Nikarudisha macho kwa yule kiumbe, na ule mkono ukashuka.

Tukafika kwa maji. Nikasikia mbao za chelezo zikilia chini ya miguu ya Ciku, nami nikapanda kinyumenyume. Ilibaki kuita. Na mama akiletwa nyumbani na mtoto, kwetu hatuiti mtu kwa jina. Unapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, tano kwa mvulana, tatu kwa msichana, ndiyo watu wa ng'ambo waje wote kwa kamba. Nikafungua mdomo. Ngai! Hakuna kitu kilichotoka. Koo lilikuwa kavu kama unga. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi tu. Na yule alikuwa ameshaweka kiatu chake kimoja safi kwenye ukingo wa chelezo.

"Ciku, piga wewe."

"Mama, sijawahi kupiga!"

"Piga hivyo hivyo!"

Ya kwanza ilitoka kama kuku aliyekanyagwa. Ya pili ilisimama kwa miguu yake. Na ya tatu, jamani! Yule msichana wa adabu, wa kuomba msamaha akikanyagwa, alitoa ngemi ambayo ilipasua ukungu. Mtoto akaamka akalia kwa nguvu zake zote, na mimi nikahisi nywele zinasimama, safari hii si kwa woga.

Kisha kutoka ng'ambo ikajibiwa. Sauti moja, halafu tano, halafu sijui ngapi, wanawake wa kisiwa kizima, waliokuwa jikoni, waliokuwa kwa nduma, wote. Kamba ikakazika. Chelezo kikashtuka.

Yule akaweka na mguu wa pili. Hapo sikungoja. Nilitoa sufuria kwenye kiondo, leso na vyote, nikairusha juu ya kichwa chake ikaanguka nyuma yake kwenye matope, njahi zikamwagika zinatoa moshi.

"Wewe wa nyuma!" Sauti yangu ilikuwa imerudi. "Umesahauliwa siku zote, eh? Chakula chako hicho!"

"Njahi!" ile sauti nyembamba ikalia.

"Mtoto!" mdomo wa mbele ukasema.

"Njahi!"

"Nyamaza, mtoto kwanza!"

Wakagombana! Nakuapia, walibishana kama mke na mume kwa mlango wa duka. Mwili ulikuwa unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda, unarudi, mpaka wa nyuma ukashinda, na akageuka. Kofia ikaanguka. Nikakiona kisogo. Nywele zilikuwa zimegawanyika katikati kama pazia, na ndani yake mdomo mwekundu, na meno madogo madogo, mengi, kama ya mtoto wa nasari. Akakaa chini kwenye matope, ameipa sufuria mgongo, akawa anachota njahi kwa mikono iliyokunjwa kinyume na kujilisha kisogoni. Na ule uso mzuri ulikuwa umetugeukia tena, unatabasamu bado, unatuambia kwa upole, "Tangulieni tu, cucu. Tangulieni."

Tukatangulia! Tulivutwa kwenye yale maji kwa kasi ambayo chelezo hakijawahi kuona. Nilisimama katikati ya mto nikamtukana yule kiumbe kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza kidogo nilicho nacho. Nilimwambia njahi hazikuwa na chumvi. Ng'ambo walikuwa wamejaa ukingoni, wanawake wanapiga ngemi, wanaume wanavuta kamba na mapanga kiunoni, na Ciku alishuka amemwinua mtoto juu kama kombe la mpira, analia na kucheka pamoja. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu.

Kesho yake wanaume walivuka. Hawakumkuta. Walikuta Mzito anakula majani kama hakuna kilichotokea, na sufuria yangu imelambwa mpaka inang'aa. Kwenye ukingo wake kuna kipande kimeng'atwa, alama za meno madogo. Mchungaji alisema niitupe. Kwa nini? Sufuria ni sufuria. Napikia mpaka leo.

Lakini siwezi kukudanganya kwamba nilitoka hivi hivi. Siwezi kuvumilia mtu nyuma yangu. Kanisani nakaa benchi la mwisho, mgongo ukutani. Kwenye foleni yoyote Thika mjini nawaambia watu wapite, wapite, mpaka nabaki peke yangu, na wanadhani nina moyo mzuri. Ciku ndiye aliyebadilika kabisa. Baba yake alipokuja kuona mjukuu, alimsimamisha juu ya kijia, baba yake mzazi, na akamwambia, "Tangulia, Baba," halafu akamwangalia shingo bila haya. Na sasa mtoto akizaliwa kisiwani wanampigia Ciku simu aje apige ngemi, kwa sababu zake zinafika mbali. Yule mdogo mwenye jina langu naye yuko nasari, anaongea kuanzia asubuhi mpaka usiku, na ana kisogo kizuri, kimesukwa.

Siku hizi watu wa Nairobi wamesikia habari zetu. Wanakuja kupumzika, kutembea polepole, kulala kwenye nyumba zetu na kula nduma kwa chai. Nawapenda. Na wewe nakukaribisha. Njoo na punda, njoo kwa miguu, usiwe na haraka. Ukifika juu ya kile kijia utaambiwa utangulie. Usinirudishie adabu. Usiniambie wazee kwanza. Toa kofia, inamisha kichwa kidogo, na uende. Ukikataa mara moja, nitadhani wewe ni mtu aliyelelewa vizuri. Ukikataa mara ya pili, ujue mwanamke aliyesimama kando yangu ni Ciku, ameshika panga, na yeye aliacha kuomba watu msamaha.